Inchi Moja Kwenye Kona ya Kiwiko

Kabla hajawa mtu wa kupigiwa makofi alikuwa mtu wa kuchekwa, na tuanzie hapo, maana wengi waliompigia makofi baadaye ndio haohao waliomcheka mwanzo. Reli kubwa ilikuwa imeishia bondeni, chini ya mlima. Juu kulikuwa na machimbo ya mawe, na vijiji ambavyo wagonjwa wake waliteremshwa kwa machela. Wakubwa wa shirika la reli walipima, wakapima tena, wakasema mlima ule unataka mahandaki saba, kwa hiyo haupandiki. Kijana mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka chuoni akasimama mbele yao akasema mahandaki ya nini? Punguzeni upana wa reli. Jengeni reli ya futi mbili, itapinda pale ambapo hii yenu inashindwa kupinda, na itauzunguka mlima polepole mpaka juu. Chumba kizima kiliangua kicheko. Mkubwa mmoja alimuuliza kama abiria wataipanda treni hiyo au wataivaa miguuni.

Jina la Futi Mbili lilimganda siku hiyo, wala halikumtoka tena. Mwanzo lilimchoma, baadaye alilivaa kama koti la sikukuu.

Reli aliijenga. Ilimchukua miaka sita na kona arobaini, bila handaki hata moja. Aliijenga pamoja na mnyapara mmoja mwenye mikono mipana na mdomo mkali, mtu aliyeweza kulala kifudifudi juu ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, akafumba jicho moja, akakwambia reli imekwenda upande wapi kabla wewe hujatoa kipimo mfukoni. Injinia alichora, mnyapara akalaza chuma. Jioni moja mnyapara alimkaribisha kwao kula, injinia akamwona dada yake, na kuanzia hapo akawa na njaa kila jioni. Mwaka haukuisha wakawa mashemeji. Tuseme ukweli basi: mnyapara yule alimpa reli, akampa mke, na baadaye akampa hata jina lake alichafue anavyotaka.

Futi Mbili alikuwa na tabia moja ambayo huwezi kuikuta kwenye reli nyingine yoyote. Hakupenda karatasi akiwa kazini. Karatasi, alisema, ni za watu wanaokaa ofisini wakisubiri chai. Yeye alitembea juu ya mataruma na kipande cha chaki kwenye mfuko wa shati, na amri zake aliziandika ubavuni mwa reli yenyewe: inua hapa, sogeza pale, ongeza kokoto. Chini yake alichora duara lenye nukta katikati, ndiyo sahihi yake. Wafanyakazi walisoma, wakatenda, na mvua ikaja ikafuta. Miaka tisa kazi ilikwenda hivyo, na ilikwenda vizuri, kwa hiyo akawa anajisifia. Wageni walipomtembelea aliwaonyesha chaki yake na kuwaambia, "Hili ndilo kabati langu la mafaili." Wakacheka, safari hii kwa heshima.

Halafu akataka injini ndefu.

Hakuna aliyemtuma. Injini fupi zilizokuwepo zilipanda mlima bila taabu. Lakini reli kubwa ilikuwa na injini ndefu, na yeye alitaka kuwaonyesha waliomcheka kwamba futi mbili zinaweza kuvuta kila kitu wanachovuta wao. Injini ikaja, inang'aa, ina magurudumu mengi, na ilipofika Kona ya Kiwiko, ile iliyobana kuliko zote, ikakwama. Ilisaga reli ya nje mpaka unga wa chuma ukamwagika juu ya mataruma. Siku nane zilikuwa zimebaki kabla wakubwa kutoka makao makuu hawajaja kuiona ikipanda.

"Tuachanishe reli," Futi Mbili alisema. "Inchi moja."

"Inchi moja ni nyingi mno, shemeji," mnyapara alijibu, amechuchumaa, mkono juu ya chuma. "Injini itapita, sikatai. Lakini mabehewa yetu ya zamani magurudumu yamelika. Yakipata nafasi hiyo yatatumbukia katikati."

"Nusu inchi tuliyoongeza kwenye kona hii tangu mwanzo haitoshi. Nimepiga hesabu."

"Basi tuchonge mwamba, tuilegeze kona yenyewe."

"Hiyo ni miezi mitatu! Wageni wanakuja wiki ijayo."

"Waambie waje siku nyingine. Wana haraka gani?"

"Hapa injinia ni nani?"

Futi Mbili aliinama, akaandika kwa chaki ubavuni mwa reli: ongeza inchi moja. Akachora duara, akatia nukta. Mnyapara aliisoma, akaguna, akaita watu wake waje na mitaimbo. Alifanya kazi ile shingo upande, lakini aliifanya.

Wageni walikuja. Injini ndefu ilipanda mlima mzima bila kukohoa, na kule juu makofi yalipigwa mpaka mikono ikauma. Futi Mbili alikunywa soda na mkubwa yuleyule aliyemuuliza habari za kuvaa treni miguuni, na mkubwa alimwomba radhi mbele za watu. Kushuka, treni ilivuta mabehewa ya mawe. Kwenye Kona ya Kiwiko behewa la nne lilitumbukia katikati ya reli, la tano likalipanda mgongoni, na yote mawili yakaenda korongoni na wafunga breki wawili waliokuwa juu yake. Mmoja alikuwa ameoa miezi miwili nyuma. Mwingine aliacha mke na mtoto mchanga.

Jioni ile mvua ilinyesha. Ikanyesha na kesho yake.

Siku ya tatu ndipo wachunguzi walipofika na vipimo vyao. Mchoro wa kona ulisema nusu inchi. Reli ilisema inchi na nusu. Kwenye kikao cha uchunguzi wakamuuliza mnyapara nani alimwambia apanue, naye akasema injinia, kwa chaki, pale pale kwenye reli.

"Iko wapi chaki yenyewe?"

"Mvua imenyesha," mnyapara alisema.

Watu walicheka, kwenye chumba ambacho wajane wawili walikuwa wamekaa. Kisha wakamgeukia Futi Mbili. Mnyapara naye akamgeukia, wala hakuwa na wasiwasi wowote, maana alikuwa akimtazama shemeji yake, mtu aliyekula kwao miaka kumi. Futi Mbili alikohoa kidogo. Hakukataa. Hata ujasiri wa kukataa hakuwa nao. Alisema tu, "Sikumbuki kuandika kitu cha namna hiyo."

Kwa maneno hayo sita shemeji yake alikwenda jela miezi kumi na minane.

Nyumbani, mkewe hakulia. Alikwenda kwenye mazishi yote mawili, na kwenye ya pili mjane mmoja alimwambia mbele za watu atoke, hataki kumwona dada wa mwuaji. Aliporudi alivua viatu mlangoni, akakaa kitandani, akasema, "Kuanzia leo mimi sina ndugu." Futi Mbili alikuwa amesimama karibu kiasi cha kumgusa. Angeweza kusema. Akaenda mlangoni, akavipanga viatu vyake.

Mwaka wa kwanza alijiambia akisema reli itafungwa. Mwaka wa pili walimpandisha cheo, akajiambia asubiri mambo yatulie. Baadaye alijenga reli nyingine mbili, akafundisha chuoni, vijana wakajifunza hesabu zake, na kila mwaka uliopita ulimletea sababu mpya, mpaka akawa na sababu za kutosha kujaza treni. Mnyapara alitoka jela akafungua kibanda cha kuchomelea mageti, mitaa sita kutoka kwao. Dada yake alipotaka kwenda sokoni alizunguka njia ndefu asikipite. Karibu miaka thelathini alizunguka, jua na mvua, na mumewe akimtazama dirishani anavyokunja kona isiyo yake.

Wiki moja yalikuja mambo mawili. Kwanza shirika lilimletea kitabu cha historia ya reli, kimepigwa chapa vizuri, picha yake iko mwanzoni, pamoja na mwaliko: stesheni ya juu ilikuwa inapewa jina lake. Ukurasa wa arobaini na moja ulisema ajali ya Kona ya Kiwiko ilisababishwa na "uzembe wa mnyapara". Pili, muuguzi mmoja alibisha hodi akasema kuna mgonjwa wodi ya wanaume, mapafu yamekwisha, anamwita dada yake. Mkewe alimsikiliza muuguzi mpaka mwisho, akamshukuru, akafunga mlango.

"Huendi?" Futi Mbili aliuliza.

"Niende kwa nani?"

Alikuwa akishona kifungo cha koti, koti la kuvaa siku ya sherehe ya stesheni. Futi Mbili alimtazama akipitisha uzi kwenye sindano, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, macho yamechoka. Kitu kikamvunjika ndani. Sitasema alikuwa mtu mwema. Nasema tu alichoka.

"Mke wangu, nisikilize. Ile inchi niliiandika mimi."

Sindano ilisimama. "Rudia."

Akarudia. Alieleza yote: unga wa chuma, wageni, mnyapara amechuchumaa akimwonya, duara na nukta, mvua. Hakujipunguzia hata tone. Mkewe alisikiliza uso umekauka, kisha akachomeka sindano kwenye koti, akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Futi Mbili alibaki peke yake sebuleni, na jambo la ajabu ni kwamba alijisikia mwepesi. Atanifukuza, alisema moyoni, na ana haki. Akaingia chumbani, akatoa begi juu ya kabati, akaweka mashati mawili na dawa zake za presha. Akapasha chakula cha mchana akala chote, akaramba na sahani. Tangu ajali hakuwa amekula akasikia ladha namna hiyo. Alikaa akamngoja mkewe arudi amtukane, na alikuwa akiyangoja matusi kwa hamu.

Mke alirudi jua linazama. Macho yalikuwa mekundu. Alipita kando ya begi bila kuliona, akaja akapiga magoti mbele ya kiti cha mumewe, yeye mwenye magoti mabovu, akamshika mikono yote miwili.

"Amenieleza kila kitu," alisema.

"Umesikia basi."

"Nimesikia. Nilipomwambia uliyoniambia, alicheka mpaka akapaliwa. Akasema, 'Futi Mbili kasema hivyo? Yule mzee ana moyo, lakini ni mwongo, dada. Siku ile nilikuwa nimelewa. Nilisoma kipimo vibaya nikaona haya kusema.' Amelia kama mtoto. Amesema amekaa miaka yote anangoja kuniambia kwa mdomo wake."

Futi Mbili alitikisa kichwa. "Anakudanganya! Hakuwahi kunywa kazini hata siku moja. Mimi ndiye..."

"Basi, baba, basi." Alimwekea kiganja mdomoni, kwa upole. "Ulitaka niende, nimeenda. Ungeniambia nimsamehe, nisingekusikia, unanijua nilivyo mgumu. Ukaona bora ujipake matope wewe. Nimemsamehe. Nimemlisha uji kwa mkono wangu. Miaka hii yote nimelala na mtu ambaye sikumjua."

Akaweka kichwa chake kwenye magoti ya mumewe, akalia vizuri, kilio cha mtu aliyetua mzigo.

Asubuhi Futi Mbili alikuwa wodini kabla hata wageni hawajaruhusiwa. Alimwongopea mlinzi kwamba yeye ni daktari, na kwa suti aliyokuwa amevaa mlinzi alikubali. Shemeji yake alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, amebaki mifupa na ile mikono mipana. Walikuwa hawajaongea tangu siku ya uchunguzi.

"Kwa nini?" Futi Mbili aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Na wewe shikamoo," mgonjwa alisema. "Kaa. Unanizibia mwanga."

Akakaa. "Nilimwambia kweli. Nimechukua miaka thelathini na mmoja kuisema, na wewe umeifuta kwa dakika moja."

"Umechukua muda mrefu, ndiyo. Ungeisema mwaka ule ningekubeba mgongoni. Hata ukisema nilipotoka jela, ningekupiga ngumi mbili tukaenda kula. Sasa mimi nina siku ngapi? Muulize muuguzi, ataangalia chini." Alipumzika, akivuta pumzi kwa taabu. "Dada alikaa hapo ulipokaa. Amekuja amevimba kwa hasira, anasema anarudi kukufukuza. Nikamtazama. Ana miaka sabini na mmoja, magoti hayo, watoto wako mbali. Nikikubali, mimi nakufa keshokutwa, yeye anabaki hana ndugu na hana mume. Atabaki na nini? Na ukweli? Atalala nao?"

"Kwa hiyo umeniokoa."

"Wewe!" Mgonjwa alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akatema kwenye kopo. "Shemeji, mimi sikukufikiria hata kidogo. Wewe nimemwachia yeye kama mtu anavyomwachia mwenzake blanketi bovu. Siyo zuri, lakini ndilo lililopo."

Futi Mbili aliinamisha kichwa. Kitanda cha jirani mtu alikuwa akiomba maji. "Nisamehe," alisema.

Mnyapara alitazama dari.

"Mimi nimepata msamaha wangu jana," alisema mwishowe. "Wa kosa ambalo si langu, lakini nikwambie kitu, ni mtamu vilevile. Dada kanishika uso. Kanilisha. Sikujua kama bado nautaka namna ile. Wako, shemeji, sijui utaupata wapi. Kwangu usije. Ningekuwa nao ningekupa, nimeutafuta humu ndani," akajigonga kifua, "sikuuona."

Akageukia dirisha. Futi Mbili alikaa mpaka muuguzi alipokuja kumtoa.

Mnyapara alifariki siku ya tatu, dada yake amemshika mkono. Mazishi yalijaa, jambo ambalo wiki moja kabla lisingewezekana, maana mke wa Futi Mbili alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Alimweleza kila mtu: ndugu yake alikiri, akatubu, akaomba radhi kwa wale wawili, na mume wake, mzee yule, alikuwa tayari kuitwa mwuaji uzeeni ilimradi ndugu wawili wapatane. Watu walisikia, wakatikisa vichwa, wakasema watu wa namna hiyo wamekwisha.

Kaburini akamwomba mumewe aseme neno kwa niaba ya familia.

Futi Mbili alisimama kwenye udongo mbichi, koti lake lina kifungo kipya. Aliwaona watu wa shirika la reli, wafanyakazi wa zamani, majirani. Akapiga moyo konde. Alisema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, kwamba marehemu hakuwa mlevi wala mzembe. Kwamba inchi ile aliiandika yeye, kwa chaki, kwa kiburi, kwa ajili ya wageni. Kwamba marehemu alimwonya, naye hakusikia. Kwamba alipoulizwa alisema hakumbuki, na alikumbuka. Alisema mpaka sauti ikamkatika, na machozi yakamshuka mbele za watu kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Halafu mama mmoja akajipangusa macho na ncha ya nguo, akamnong'oneza mwenzake, "Mkewe alituambia atasema hivi hivi." Mwingine akasema, "Hata leo bado anamfichia." Mzee mmoja, aliyekuwa dereva wa injini zile fupi, alivua kofia, na wengine wakafuata, wakavua zao. Hawakuwa wakimvulia marehemu.

Walipanga mstari kumpa mkono. Wa kwanza alikuwa mtu mzima, nywele zimeanza mvi, hakuna aliyemjua pale. Alimshika Futi Mbili kwa mikono yake yote miwili.

"Baba yangu alikuwa mmoja wa wale wafunga breki," alisema. "Nilikuwa mchanga alipokufa. Nimekuja hapa leo nina kinyongo, mzee, sikufichi, nilikuja kulitazama tu kaburi la aliyemuua. Nilipokusikia unajibebesha kosa lake, nikaona haya. Nimemsamehe. Umenifundisha wewe."

Futi Mbili alifungua mdomo. Mkewe alikuwa ubavuni kwake, amemkumbatia mkono, akimtazama kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo hata walipokuwa vijana. Alimtazama mkewe, akamtazama yule mtu.

"Asante, mwanangu," akasema, na mtu yule akasogea kumpisha aliyekuwa nyuma yake.